Mamba wa Binti Hamimu

Kwa miaka minne Hamimu alikataa katakata kutia mguu mahali binti yake alipofanya kazi.

Kwa tabia hakuwa mtu mkaidi. Alikuwa fundi viatu wa mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, mwenye miaka sitini na mitatu, mtu wa kuswali kwa wakati na kusalimiana na majirani wa kila kabila, na kibanda chake cha bati hakikukosa wazee wa kupiga soga. Lakini ukimtajia Kimbilio, alishika nyundo yake akaanza kugonga soli ambayo haikuhitaji kugongwa.

Kimbilio lilikuwa kiwanja chenye ukuta wa mawe kando ya Ziwa Tanganyika, mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka bandarini. Mamba walionaswa na nyavu au kukatwa na propela za mashua waliletwa pale, wakatibiwa na kulindwa. Lilianzishwa na Mirindi, daktari wa mifugo aliyestaafu, mzaliwa wa Bukavu. Asiya, binti wa pekee wa Hamimu, alianza kazi pale mwaka 1994, baada ya vita kufunga shule aliyokuwa akifundisha. Alianza kwa kuosha ndoo. Sasa, Juni 1998, alikuwa na miaka ishirini na sita na ndiye aliyeshika funguo zote.

Sababu ya Hamimu kukataa ilijulikana mtaa mzima. Ujanani alikuwa mwindaji wa mamba. Kwa miaka kumi na saba alishinda katika mdomo wa mto Rusizi na ndoana za chuma na shoka, akichuna ngozi na kuwauzia Wagiriki na Wabelgiji waliotengeneza mikoba. Alikwisha kuua mamba zaidi ya mia tatu, na kuna wakati idadi hiyo aliitaja kwa majivuno. Sasa vijana wa Buyenzi walimtania: "Baba alichuna, mutoto analisha!" Naye alicheka nao, lakini mkewe, Mwanvua, alijua kwamba kicheko kile hakikutoka moyoni. Siku moja tu Hamimu alimfungukia. "Mama Asiya," alisema, "nikienda pale, nitawaangalia na macho gani?"

Vita vilikuwa vimeingia mwaka wa tano, na vikwazo vya nchi jirani vilikuwa vinakaribia kutimiza miaka miwili. Petroli ilikuwa adimu kama dhahabu, sukari ilipimwa kwa kijiko. Kimbilio lilikuwa halijapokea wageni muda wote huo. Ndipo Mirindi akaamua kulifungua tena siku ya Jumamosi, na kwa kuwa miguu yake ilikuwa imevimba, alimwambia Asiya ndiye atakayewatembeza wageni.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, Asiya alikaa kwenye mkeka mbele ya baba yake.

"Baba, kesho tunafungua. Mi naomba ukuje."

"Mi nimeona mamba za kutosha."

"Sisemi ukuje kuona mamba. Ukuje kuniona mi."

Hamimu alitafuta nyundo kwa mkono, akakumbuka kwamba yuko nyumbani. Mwanvua, aliyekuwa anakusanya sahani, alisema bila kugeuka, "Baba Asiya, mi naenda. Nimeshapiga pasi kitenge yangu ya Idi. Kama unataka kubakia hapa na paka, bakia."

Kesho yake, saa tatu asubuhi, Hamimu alikuwa mlangoni amevaa kanzu nyeupe, akilalamika kwamba wanachelewa.

*

Wageni walikuwa kama arobaini: familia mbili zilizoshuka na magari kutoka Kiriri, mtaa wa matajiri, wanafunzi, wachuuzi wa samaki waliotaka kujua vichwa vya samaki wa mukeke wanavyovitupa huenda wapi, na masista wa parokia waliofuatana na akina mama kutoka mtaa wa Carama. Hamimu alijisimamisha nyuma kabisa, karibu na lango, kama mtu anayetaka kuondoka mapema.

Asiya alitokea na buti za mpira na ndoo mbili. Alikuwa mwembamba kama mama yake, kilemba chake cha bluu kimefungwa barabara. Alipofika kwenye ukuta wa bwawa la kwanza aligonga ndoo mara tatu kwa kijiti. Maji yaliyokuwa yametulia yakapasuka, na vichwa vinne vikajitokeza, vikaja moja kwa moja upande wake.

Wageni walirudi nyuma wote kwa pamoja. Hamimu peke yake alisogea mbele, bila kujijua.

"Huyu wa kwanza, jicho yake ya kuume ilitobolewa na mukuki," Asiya alieleza. "Alifika hapa amekonda, mifupa tupu. Yule wa nyuma, propela ilimukata mukia. Mamba bila mukia ni kama mutu bila miguu, mu ziwa hawezi kuishi. Hapa tumemuchimbia maji yenye hayana kina, anasimama."

Alieleza jinsi mamba anavyotaga kwenye mchanga, na jinsi joto la mchanga linavyoamua watakuwa madume au majike. Alieleza kwamba yai la mamba ukilihamisha ni lazima likae upande ule ule lililotagwa, ukiligeuza tu, mtoto anakufa ndani. Hamimu alisikiliza huku mdomo umemlegea. Alikuwa amevunja mayai yale kwa mamia, na hakuwahi kujua kwamba yana juu na chini.

Mirindi alikuwa ameketi kwenye kiti cha miti kivulini. Alimwashiria Hamimu aje akae karibu.

"We ndo baba yake?"

"Ni mimi."

"Alikuambia habari ya mwaka wa tisini na sita?"

"Habari gani?"

Mirindi alimtazama kwa mshangao. "Embargo ya nchi jirani ilipoanza, wafanyakazi wote walienda. Pesa ilikwisha. Mi nilisema, nifungue mulango, wanyama warudi ziwani, wakufe huko. Huyu musichana alikataa. Kila asubuhi, miaka mbili sasa, anapita na baisikeli ku abatuari, kwenye wanachinja ng'ombe, na ku soko ya samaki, anaomba utumbo, anaomba vichwa. Siku za ville morte, muji wote unafungwa kwa nguvu, wenye hawakufunga duka walipigwa mawe, yeye alipitia kando ya maji na ndoo ku kichwa. Hakuna mamba hata moja yenye ilikufa na njaa. Hakukuambia?"

"Hakuniambia," alisema Hamimu. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Mi ndo sikuuliza."

Wakati huohuo wageni walikuwa wamepisha njia. Mama mmoja miongoni mwa wale wa Carama, jina lake Béatrice, mwenye shali nyeusi mabegani, alikuwa amesogea hadi mbele ya Asiya.

"Mwanangu, mi niko na swali," alisema. "Bwana yangu walimutupa mu Rusizi mwaka wa tisini na tano. Hatukumupata. Watu walisema mamba zilimukula. Sasa we uko unazilisha. Kwa nini?"

Sista mmoja alimshika mkono amvute nyuma, naye akautoa. Baba mmoja kutoka Kiriri aliinamisha kichwa, akaanza kutazama viatu vyake. Katika mji ule, miaka ile, maneno kama hayo hayakusemwa mbele ya watu usiowajua.

Asiya aliweka ndoo chini. Alipangusa mikono kwenye aproni, polepole.

"Pole sana, mama," alisema. "Jibu ya kutosha kwa kifo ile mi sina. Lakini mamba haikuingia nyumba yako. Haikumufunga bwana yako kamba, haikumupandisha mu lori. Wenye walifanya vile wanatembea na miguu mbili, na wengine tunapishana nao sokoni. Huyu munyama alikuwa mu Rusizi kabla ya kabila zetu zote. Kama hatuwezi kulinda kiumbe yenye haikutukosea kitu, mi najiuliza siku moja tutalinda nani."

Béatrice aliikaza shali mabegani. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini uso haukukunjamana. "Ni kweli," alisema mwishowe. "Haikumufunga kamba." Kisha akaweka viganja viwili juu ya ukuta, akatazama majini. "Endelea, mwanangu. Nasikiliza."

Hamimu alijikuta amesimama. Alitaka kuwaambia watu wote wale kwamba aliyesema maneno hayo ni damu yake, lakini akaishia kupangusa macho kwa mkono wa kanzu. Mwanvua alimpa leso bila kumtazama.

*

Hawakufika bwawa la tatu. Mtu mmoja aliingia langoni akikokota baisikeli, shati limelowa jasho. Alikuwa Adrien, karani wa ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini.

"Mademoiselle Asiya! Iko mamba kubwa bandarini!" alisema akihema. "Imeingia kati ya gati na tishali, kamba zimeizungushia mwili, haiwezi kutoka. Askari wanataka kupiga risasi, na ile tishali imejaa mapipa ya petroli! Ajida, mukubwa wao, ametupa saa moja tu."

Asiya alishamaliza kuvua aproni. Alichukua upondo mrefu wenye kitanzi, akachukua bunda la mipira ya baisikeli iliyokatwa vipande. Kisha alisita, akamgeukia baba yake.

"Baba, hakuna mwingine hapa mwenye anajua mamba. Utakuja?"

Hamimu alikunja mikono ya kanzu.

Walikwenda mwendo wa kukimbia, Adrien mbele, na nyuma yao nusu ya wageni, Mwanvua akiwa miongoni mwao na kitenge chake cha Idi amekipandisha hadi magotini. Wapagazi wa bandari walikuwa wameacha magunia na kujipanga kando ya gati, kila mmoja akieleza la kufanya. Ajida, mtu mzima mwenye uso wa uchovu, alikuwa amewazuia askari wake wawili kwa mkono.

Hamimu alichungulia chini, na miaka ishirini na tatu tangu aache kuwinda ikamtoka mwilini. Jike, alijua palepale kwa umbo la kichwa. Urefu wake ulipita mita tatu. Kamba ya kufungia tishali ilikuwa imempita chini ya kwapa na kuzunguka mkia, na kila alipojipinda ilizidi kumkaza. Alikuwa anapumua kwa kishindo.

"Nipeni ndoana ya chuma," alisema Hamimu. "Tunamuingiza chini ya taya, watu kumi wanavuta. Akifika juu, shoka moja ya shingo. Ni dakika tano."

Wapagazi walikubali kwa sauti. Mmoja alikuwa tayari ameleta ndoana.

"Apana," alisema Asiya.

"Asiya, hii kazi mi naijua."

"Unaijua ya kuua, Baba. Leo anatoka muzima."

Walitazamana. Asiya hakupepesa macho. Hamimu alichukua ndoana kutoka kwa mpagazi yule, akaiweka chini, akaisukuma mbali kwa mguu. "Sema tufanye nini," alisema.

Asiya aliwapanga. Wapagazi wanane walivuta tishali kwa kamba hadi pengo likapanuka. Kulikuwa na ngazi ya mawe inayoshuka majini, na hapo ndipo alipotaka mamba aelekezwe. Alishuka hadi maji yakafika magotini, akanyoosha upondo wenye kitanzi. Mara ya kwanza ulikosa, mara ya pili mamba aliuuma ukavunjika ncha. Mara ya tatu kitanzi kiliingia mdomoni na kukaza.

"Vuteni!" walisema wapagazi.

"Apana kuvuta!" Hamimu alipiga kelele. "Legeza! Atabiringika! Mukivuta sasa atajikata. Muache abiringike mara tatu, ya nne atachoka."

Asiya aliamini, akalegeza. Mamba alijiviringa, maji yakaruka hadi usoni mwa askari. Mara moja. Mara mbili. Ya tatu ilikuwa nzito, na kamba ya tishali iliyokuwa imemsonga ikafunguka yenyewe kwa mzunguko ule. Alipotulia, walimvuta taratibu hadi kwenye ngazi.

"Nguo!" Asiya aliita. "Nguo nzito, muilowanishe!"

Watu walijipapasa. Ni Mwanvua aliyefungua kitenge chake cha juu, akabaki na kile cha ndani, akakichovya ziwani na kukirusha. "Kitenge yangu ya Idi," alisema. "Mungu ananiona."

Asiya alikitupa juu ya macho ya mamba, kisha akapanda mgongoni, akaketi nyuma ya shingo na kukandamiza kichwa kwa mikono miwili. Hamimu, na kanzu yake nyeupe, alijitupa juu ya shina la mkia, akafumba macho akisubiri pigo.

Pigo halikuja. Mnyama yule alikuwa ametulia tuli chini ya nguo iliyolowa, kama mtoto aliyefunikwa shuka. Hamimu aliinua kichwa. Miaka kumi na saba alipigana na viumbe hawa kwa shoka, akapoteza vidole viwili na rafiki mmoja, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba inatosha kuwafunika macho.

"Mutoto, hii nani alikufundisha?" aliuliza kutoka mkiani.

"Wao wenyewe," alisema Asiya, akizungusha vipande vya mpira kwenye taya. "Funga miguu ya nyuma, Baba. Fundo yako ile ya viatu, apana kukaza sana."

*

Hapakuwa na petroli ya kuwasha gari, isipokuwa ile ya tishali, na hiyo ilikuwa na wenyewe. Wapagazi walileta mkokoteni mkubwa wa kubebea marobota ya pamba. Wakamlaza mamba juu yake, kichwa chini ya kitenge chenye maua mekundu, mkia ukining'inia nyuma kwa urefu wa hatua moja. Wanane walisukuma. Adrien alitembea kando akimwagia maji mnyama kwa kopo asikauke, na ajida, bila kuombwa, aliwatanguliza askari wake wawili wafungue njia.

Mji wa Bujumbura ulikuwa umeona mengi yakipita barabarani kwa miaka ile mitano, na mara nyingi watu walifunga madirisha. Siku hiyo waliyafungua. Wauza matunda walisimama juu ya makreti yao. Watoto walikimbia pembeni wakiimba "Ingona! Ingona!", yaani mamba kwa Kirundi, na watu wa mitaa ambayo haikusalimiana walijikuta wamesimama bega kwa bega, wakiulizana yule msichana aliyetangulia, mwenye kilemba cha bluu na buti zilizojaa matope, ni nani. Wazee wa kibandani, ambao habari iliwafikia kabla ya mkokoteni, walikuwa wamekuja mbio kutoka Buyenzi. Mmoja wao alimwona Hamimu, kanzu imeraruka na uso umejaa tope.

"Hamimu! Ile ngozi utauza bei gani?" alitania.

"Hakuna ngozi hapa," alijibu Hamimu kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara. "Kuna mugonjwa. Ondoka mu njia!"

Béatrice alikuwa amesubiri Kimbilio muda wote huo. Alipoona mkokoteni unaingia, ni yeye aliyeshika lango likae wazi.

Mirindi alipima: mita tatu na sentimita arobaini. Asiya aliosha jeraha la kwapa, akalipaka dawa, akafungua fundo la miguu na mwisho mipira ya taya. Alipovuta kitenge, aliruka nyuma. Mamba alibaki pale kwa muda, kisha akajikokota majini, akazama. Watu walipiga makofi. Asiya alikaa chini palepale kwenye tope, na Hamimu alikaa karibu naye. Alimshika mkono mmoja, akaanza kumsafisha kucha kwa ncha ya kanzu, kama alivyomfanyia alipokuwa mdogo, na binti yake akamwachia.

Wiki mbili yule jike hakula. Wiki ya tatu alichukua kichwa cha samaki, na Asiya akaja nyumbani anaimba. Hamimu naye alianza kwenda Kimbilio kila Jumamosi. Mwanzoni alikwenda kushona mikanda na kukarabati buti, baadaye alibaki hata kama hakuna kilichokatika. Mwezi wa tisa jike alitaga kwenye mchanga wa pembeni, akalala juu ya kiota, na hakuruhusu mtu asogee.

Mvua za Desemba zilipoanza, Jumamosi moja asubuhi, wageni walikuwa wachache kwa sababu ya matope. Hamimu alikuwa kwenye ukuta aliposikia sauti kama vifaranga wanaolia ndani ya mtungi. Jike aliinuka, akafukua mchanga kwa miguu ya mbele. Kisha akapanua lile taya, akainama, akachukua kitoto kimoja kilichokuwa kinatapatapa.

"Anakikula!" alisema mgeni mmoja, kijana mwanafunzi, akifumba macho.

Hamimu naye alidhani hivyo. Lakini Asiya, aliyekuwa amesimama ndani ya uzio na ndoo, aliinua kidole bila kugeuka, na baba yake akatazama vizuri zaidi. Jike alitembea hadi majini akiwa amefumba mdomo kidogo tu, akafungua mdomo, na kitoto kikaogelea kikatoka. Akarudi kuchukua kingine. Na kingine tena.

Vitoto vilipofika thelathini na kimoja, mwanafunzi yule aliuliza yule dada aliyesimama karibu hivyo na mamba bila woga ni nani.

"Yule?" alisema Hamimu, akajinyoosha kanzu. "Yule ni Asiya. Ni mutoto wangu."